CHAPA YA PIKIPIKI: SOMA CHUMA KABLA YA KUTOA FEDHA

(Maneno haya yalisemwa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na vijana wa bodaboda. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

Sogeeni karibu, nafasi ipo.

Leo sikuja kusema juu ya mbolea wala choo bora. Nimekuja kusema juu ya namba. Si namba ya simu. Ni namba iliyopigwa kwenye chuma cha pikipiki, ambayo wengi wetu tunaikalia kila siku na hatujapata kuisoma hata mara moja.

Naanza na habari ya mzee mmoja wa kata ya jirani. Jina lake silitaji, ameumia vya kutosha. Mwaka 2023 aliuza ng'ombe wanne mnadani ili amnunulie kijana wake pikipiki ya kazi. Akapata muuzaji mjini. Pikipiki nzuri, Boxer nyekundu, ina pleti namba, ina kadi. Mzee huyu anajua kusoma, alimaliza kisomo. Akaishika kadi akaisoma. Akasoma namba ya usajili, akainama nyuma ya pikipiki, akalinganisha na pleti. Zikalingana, herufi kwa herufi. Akatoa fedha.

Miezi minne baadaye askari wa usalama barabarani walikuwa wanakagua pikipiki njiani. Askari hakuishughulikia pleti. Aligeuza usukani, akamulika tochi, akasoma chuma, kisha akasoma kadi. Akasema, "Kijana, kadi hii si ya pikipiki hii."

Kumbe kadi ilikuwa halali kabisa, lakini ya pikipiki nyingine iliyokufa kwa ajali. Watu walichukua pleti na kadi ya ile iliyokufa wakaivisha pikipiki ya wizi. Basi pikipiki ikakamatwa, mwenyewe wa kwanza akatafutwa akapatikana, akarudishiwa mali yake, na hiyo ni haki yake. Simu ya muuzaji haipatikani mpaka leo. Ng'ombe wanne, ndugu zangu.

Mzee aliniuliza, "Mwalimu, mimi nilisoma. Nilikosea wapi?" Swali hilo lilinichoma. Ni kweli alisoma, lakini alisoma karatasi na kibati. Hakusoma chuma. Na sisi walimu hatukumfundisha kwamba chuma nacho husomwa. Kosa hilo ni letu, ndiyo maana niko hapa.

Sisi wafugaji jambo hili tunalijua, ila hatujalihamishia kwenye pikipiki. Ng'ombe unaweza kumfunga kengele shingoni. Kengele ni nzuri, inasikika mbali. Lakini mwizi mwenye kisu cha kukatia kamba ataitoa kengele ya ng'ombe wako na kumfunga wa kwake. Ndiyo maana tunapiga chapa. Chapa iko kwenye ngozi, ng'ombe akienda nayo inakwenda. Sasa ile pleti ya pikipiki, ile inayoanza na MC, ndiyo kengele. Imefungwa kwa boliti mbili tu. Mtu mwenye spana namba kumi anaihamisha kabla chai haijachemka. Chapa ya pikipiki ni namba ya chesisi.

Chesisi ni nini? Ni mifupa ya pikipiki, ile fremu ya chuma inayobeba injini, tangi na kiti. Tairi hubadilishwa, taa hubadilishwa, tangi hubadilishwa, hata injini hubadilishwa. Lakini chesisi ikiwa ileile, pikipiki ni ileile. Kwa hiyo ukinunua pikipiki kuukuu, kusema kweli unanunua chesisi. Mengine yote ni nguo zake.

Je, namba hiyo iko wapi? Kwenye pikipiki nyingi za huku kwetu imepigwa kwenye shingo ya usukani, yaani lile bomba nene la mbele ambamo usukani unazungukia. Mara nyingi ni upande wa kulia. Geuza usukani wote kushoto, utaiona shingo imejitokeza. Namba yenyewe hutaiona mara moja, utaona vumbi na grisi. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ufute taratibu. Usitumie msasa wala kisu. Ukikwaruza chapa, kesho wewe ndiye utakayeulizwa ulikuwa unafuta nini. Kisha mulika kwa tochi ya simu, lakini usimulike moja kwa moja. Mulika kutoka ubavuni, maandishi yatajitokeza kwa vivuli vyake.

Wenye skuta mna kazi zaidi. Naona walimu na wauguzi wameanza kuzipenda, kwa kuwa nyingi hazina gia za kukanyaga na mama aliyevaa gauni anakaa vizuri. Wenzetu wa Zanzibar huziita vespa zote, hata isiyokuwa Vespa. Skuta imevikwa plastiki mwili mzima, kwa hiyo chapa imejificha. Nyingine iko chini ya kiti, ukifunua kiti unaiona. Nyingine iko pale pa kuweka miguu, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki au mpira. Nyingine iko nyuma, ubavuni mwa fremu. Kitabu cha mwenye chombo huonyesha mahali penyewe kwa picha. Kama kitabu hakipo, muulize fundi anayezijua, si muuzaji.

Sasa tufike kwenye namba yenyewe. Mwalimu, naomba ubao. Naandika:

MD2B37AX9NWK40713

Hii nimeitunga mimi kwa kujifunzia, msiende kumtafuta mwenyewe. Hesabuni alama zake, herufi na tarakimu kwa pamoja. Mmepata ngapi? Yule mama amesema kumi na sita. Hesabu tena, mama, umeruka moja. Sasa sawa, kumi na saba.

Kumi na saba hizo ni mapatano ya mataifa. Zamani kila kiwanda kiliandika kivyake, na hapo watu walichanganyikiwa sana. Mwaka 1977 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa utaratibu mmoja, na kuanzia magari ya mwaka 1981 Marekani ikaufanya urefu wa alama 17 kuwa sheria. Viwanda vingi vya dunia vikafuata. Vyombo vya zamani havimo katika utaratibu huo. Vespa za kwanza, ambazo kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuzitengeneza mwaka 1946, zilikuwa na alama chache za aina na kufuatiwa na namba ya mfululizo. Katika nyingi za hizo, alama za fremu ziliishia na T na za injini ziliishia na M. T ni telaio, Kitaliano cha fremu, na M ni motore, yaani injini. Hata vyombo vilivyotengenezwa vitumike Japani kwenyewe vina namba fupi yenye kistari katikati, na baadhi huletwa huku vikiwa vimetumika. Kwa hiyo ukikuta namba fupi usipige kelele za mwizi. Uliza kwanza chombo kilitoka wapi. Lakini Boxer au TVS mpya yenye alama kumi na tano, hapo simama.

Kusoma alama kumi na saba kwa pumzi moja kunachosha macho. Tuzigawe kama tunavyogawa namba ya simu. Kwanza tatu, halafu sita, halafu nane:

MD2 – B37AX9 – NWK40713

Zile tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji na nchi yake. Namba inayoanza na L imetoka China, na inayoanza na J imetoka Japani. M ni ya nchi kadhaa za Asia, kwa hiyo tazama na herufi ya pili: kuanzia MA hadi ME ni India. MD2 ni Bajaj, kampuni ileile ambayo jina lake tumeligeuza likawa jina la kile chombo cha magurudumu matatu. MD6 ni TVS. ME4 ni Honda wanaotengenezea India. ZAP ni wale Piaggio wa Italia niliowataja.

Kuna faida gani kujua haya? Faida ni kubwa. Mtu anakuuzia pikipiki akikuambia, "Hii ni Honda ya Japani kabisa, kaka." Wewe unainama, unasoma ME4. Unajua imetengenezwa India. Sisemi ni mbaya, zinafanya kazi kila siku. Ila bei ya Japani usimpe. Au pikipiki imeandikwa Boxer kwenye tangi, shingoni unasoma herufi L. Boxer ya Bajaj haianzi na L. Hapo ama tangi ni la kuazima, ama pikipiki nzima ni ya kuigiza.

Zile sita za katikati zinaeleza aina, injini na mambo mengine ya kiwandani. Kila kiwanda kina siri zake, na sisi hatuna haja ya kuzikariri. Nitaje moja tu, ile ya tisa, kwa wale wanaopenda hesabu. Marekani na Kanada alama ya tisa ni ya ukaguzi. Kila herufi hupewa thamani ya tarakimu, kila nafasi ina kizidisho chake, jumla hugawanywa kwa 11, na kinachobaki ndicho huandikwa pale. Kikibaki 10 huandikwa X. Mtu akibuni namba bila kujua hesabu hiyo, anakamatwa na hesabu. Lakini si nchi zote zinazolazimisha jambo hilo, kwa hiyo msiitumie kuhukumu pikipiki za huku.

Nane za mwisho ndizo zinazoitofautisha pikipiki moja na dada zake waliozaliwa siku moja. Alama ya kumi, yaani ya kwanza katika hizi nane, kwa viwanda vingi ndiyo ya mwaka. Andikeni: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Zinazunguka baada ya miaka 30, kwa hiyo N ilikuwa pia 1992, ila pikipiki ya mwaka 1992 utaijua kwa macho. Kwenye mfano wetu ubaoni alama ya kumi ni ipi? N. Basi ni ya mwaka 2022. Muuzaji akikuambia ni ya juzijuzi tu, ya mwaka 2024, mwonyeshe N. Hata hivyo msiwe wakali bure. Pikipiki ya 2022 inaweza kukaa dukani na kusajiliwa 2023, na viwanda vya Ulaya havilazimiki kuweka mwaka mahali hapo. Mwaka wa chuma ukitofautiana na wa kadi, uliza upewe maelezo.

Mmeona nimeruka kutoka N kwenda P, na Q haimo? Vizuri kama mmeona. Katika namba nzima ya alama 17 hakuna herufi I, wala O, wala Q. Waliopanga waliziondoa kwa sababu I inafanana na moja, na O na Q zinafanana na sifuri. Shikeni hilo. Katika namba ya chesisi ya utaratibu huu, kila kilicho duara ni sifuri, na kila kijiti kilichosimama peke yake ni moja.

Jambo hilo lilinigharimu mimi mwenyewe. Mwaka 2021 nilinunua pikipiki iliyotumika kwa mwalimu mstaafu, mtu mwaminifu kabisa. Nilikagua injini, nikakagua matairi, nikaiendesha mpaka mtoni na kurudi. Namba ya chesisi niliitazama kwa mbali tu, nikasema ipo. Nilipokwenda kubadilisha umiliki ikaonekana kadi ina O mahali ambapo chuma kina sifuri. Aliyejaza fomu ya kwanza aliandika duara kwa mkono, na aliyeipiga kwenye mashine akaona herufi. Kwa duara hilo moja nilikwenda mjini mara mbili kwa nauli yangu, nikangoja ukaguzi, nikamsumbua mwalimu mstaafu aandike barua. Nami ndiye ninayewafundisha ninyi kutofautisha O na sifuri. Ningalilinganisha siku ya kununua, mwenye pikipiki angaliisahihisha kwanza kabla sijampa fedha.

Ziko alama nyingine zinazofanana na zote zinaruhusiwa: 8 na B, 5 na S, 2 na Z, 6 na G. Hapo jicho peke yake halitoshi. Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya chapa, sugua kwa ubavu wa penseli kama watoto wanavyofanya na sarafu. Namba nzima itahamia kwenye karatasi. Ipeleke mahali penye mwanga uisome kwa raha.

Kulinganisha kufanyike na watu wawili. Mmoja anasoma chuma kwa sauti, tatu, sita, nane, na wa pili anafuata kwa kidole kwenye kadi. Kisha mbadilishane. Mtu mmoja akifanya peke yake, macho yake yanasoma yale anayotaka kuyaona, hasa kama pikipiki imemvutia. Kadi nyingi nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuteni neno linaloanza na CH, ndilo chesisi. Neno la injini linaanza na E. Wapangishaji wa macho, nawaambia vijana, ni mama zenu waliohitimu kisomo. Wao hawana haraka.

Baada ya kusoma, pitisha kidole juu ya chapa. Chapa ya kiwandani ina mstari ulionyooka, nafasi zilizo sawa na kina kilicho sawa. Jihadhari ukiona herufi moja imeinama au imezama kuliko wenzake, ukiona alama za tupa au msasa, au rangi mpya mahali pale tu wakati shingo yote imechakaa. Ukiona mshono wa kuchomelea kuzunguka namba, huenda kipande cha shingo kimekatwa kwenye pikipiki nyingine na kubandikwa. Hapo usibishane na muuzaji. Mwambie unakwenda kutafuta fedha, ondoka, na taarifa uipeleke polisi.

Namba ya injini ni nyingine. Imepigwa kwenye ganda la injini, mara nyingi chini upande wa kushoto karibu na gia. Urefu wake si lazima uwe 17. Hii ikitofautiana na kadi si lazima iwe wizi, maana injini hufa na mtu hununua nyingine. Lakini muuzaji akuonyeshe risiti ya injini hiyo, na badiliko liwe limepelekwa Mamlaka ya Mapato likaandikwa. Asipokuwa nayo, injini ya wizi ni wizi uleule.

Kijana mmoja pale nyuma ananiambia, "Mwalimu, ukianza kuinama na tochi na penseli, mwenye chombo atasema humwamini." Sawa. Nakuuliza wewe: mnadani, mwenye ng'ombe anakataa ukifungua kinywa cha ng'ombe kutazama meno? Hakatai. Anakushikia pembe. Mwenye pikipiki halali naye atakushikia usukani. Anayekuharakisha, anayesema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi, mwache auziane na huyo mteja.

Mkikubaliana, andikeni mkataba. Nimeona mikataba imeandikwa "pikipiki nyekundu aina ya Boxer", imetiwa sahihi na mashahidi wanne. Boxer nyekundu ziko ngapi katika wilaya hii? Mkataba huo haukutaja pikipiki yoyote. Andikeni namba ya chesisi yote, alama zote kumi na saba, na namba ya injini, na namba ya usajili. Ile karatasi mliyoisugua kwa penseli ibandikeni hapohapo. Kisha nendeni mkabadilishe jina kwenye kadi, msikae nayo miaka mitatu ikiwa na jina la mtu mwingine.

Na wewe ambaye pikipiki unayo tayari, iandike namba yake kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu peke yake. Pikipiki ikiibiwa usiku na simu ikaenda nayo, asubuhi kituoni utawaambia nini? Kwamba ilikuwa nyekundu?

Jumamosi saa nne tutakutana hapa chini ya mwembe. Kila mwenye pikipiki aje nayo pamoja na kadi, tutazisoma zote, moja moja. Yule mzee wa ng'ombe wanne amekubali kuja, na ameomba awe msomaji wa chuma. Leteni karatasi nyembamba na penseli. Kalamu ya wino haifai kwa kusugua.